Bima ya Gari la Kikundi: Uliza Bei, Uliza na Kilichomo

(Maelezo ya Kamati ya Gari mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe za kutimiza miaka kumi)



 Wenzetu waliotangulia kusema wameeleza jinsi kikundi kilivyoanza kukutana chini ya mwembe pale Ujiji, jinsi hisa zilivyopanda, na jinsi mikopo ilivyosomesha watoto. Sisi wa Kamati ya Gari tumepewa dakika chache tuseme jambo moja tu, nalo ni bima ya gari. Tunajua wapo ambao wakisikia neno bima wanaanza kupiga miayo. Tunawaomba mtuvumilie, maana hela inayozungumzwa hapa imetoka kwenye sanduku letu lenye kufuli tatu, na kila mmoja wenu ana hisa yake humo.

Gari letu mnalijua wote, ile Canter ya mtumba. Ndilo linalobeba dagaa wakavu kutoka Kibirizi na Katonga, ndilo linalofuata mawese upande wa Mwandiga, na siku nyingine hupanda mpaka Kalinzi kuchukua ndizi na maharage. Ni mali kubwa kuliko zote tulizo nazo kwa pamoja. Likianguka gari, zimeanguka hisa za watu wote, hata za yule bibi ambaye hajawahi kulipanda.

Bima si jambo geni kwetu

Ndugu zangu, bima tunaijua sana, ila tunaiita jina jingine. Kila tukikutana, kila mwanachama anatia kidogo kwenye mfuko wa jamii. Mwenzetu akifiwa au akilazwa, mfuko unafunguliwa. Wengi tunachanga, mwenye shida anasaidiwa, na asiyepata shida mwaka huo anamshukuru Mungu, hadai kurudishiwa. Bima ya gari ni hivyo hivyo.

Tofauti ni mbili. Kwanza, katika bima wachangaji ni maelfu wasiojuana, na anayetunza mfuko ni kampuni ya biashara. Pili, na hii ndiyo kubwa, mfuko wetu unamjua mtu kwa sura, lakini kampuni inamjua mtu kwa karatasi. Mama akiunguliwa na kibanda hapa, hatumwulizi kifungu cha ngapi. Kampuni itauliza. Kilichoandikwa ndicho kitakacholipwa, na kisichoandikwa hata ulie namna gani hakipo. Ndiyo sababu tunasema uliza bei, uliza na kilichomo.

Zamani hapakuwa na kuulizia bei

Wazee waliopo hapa watakumbuka. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likaachiwa peke yake biashara ya bima Tanzania Bara. Ukiwa na gari Kigoma, Tabora au Tanga, ulikuwa unakwenda mlango huo huo na unapewa bei hiyo hiyo. Mambo yakabadilika kwa Sheria ya Bima Namba 18 ya mwaka 1996, iliyofungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi. Baadaye Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo wengi tunaiita TIRA, isimamie makampuni, mawakala na madalali wa bima.

Kwa hiyo haki ya kuzunguka na kulinganisha bei tunayo. Lakini watu wengi hatuitumii. Sokoni Mwanga mama atatembea meza saba akitafuta dagaa wa nafuu ya mia mbili, halafu bima ya laki kadhaa anaikata kwa wakala wa kwanza aliyempungia mkono. Hebu semeni wenyewe, si ndivyo?

Kilichotufanya tuzunguke

Mwaka wa pili wa gari, wakati wa masika, gari lilikuwa linarudi na mzigo wa ndizi, likateleza kwenye barabara ya udongo ya kijijini na kugonga ukingo wa kalavati. Mungu akasaidia, dereva hakuumia. Polisi wa usalama barabarani walikuja, wakapima, wakatoa taarifa. Bima kubwa tulikuwa nayo, stika ilikuwa hai, ada ilikuwa imelipwa yote. Karatasi zote tulizipeleka wiki ile ile.

Kampuni yenyewe hatutaitaja, maana hatukuja hapa kushtaki. Ilikuwa na wakala hapa mjini wa kuuza bima, lakini haikuwa na mtu hapa wa kushughulikia madai. Kila karatasi ilisafiri kwenda Dar es Salaam na kila swali likarudi kutoka Dar es Salaam. Gari lilikaa gereji wiki kumi na nne. Wiki kumi na nne tulikodi magari ya watu kubeba dagaa wetu. Faida ya msimu ikaliwa na nauli, na marejesho ya mikopo yakaanza kuchechemea. Fidia ilikuja mwishoni, ndiyo, lakini hakuna aliyetufidia zile wiki.

Hapo ndipo mkutano mkuu ulipoamua kwamba bima ikiisha, watu watatu wazunguke makampuni yote yanayofikika, na walete majibu kwa maandishi.

Tulivyozunguka

Tulianza siku thelathini kabla bima haijaisha. Hili tunalisisitiza. Ukienda siku ya mwisho, trafiki yuko barabarani na gari limebeba mzigo, utachukua chochote. Mwenye haraka hana sauti kwenye bei.

Tuliandika karatasi moja yenye maswali yale yale, tukaitoa nakala tano: aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, thamani yake ya leo, kazi linalofanya, barabara linakopita, na nani hukaa ndani. Tukaipeleka kwa makampuni na mawakala wa hapa mjini, na nyingine tukaituma Dar es Salaam kwa simu. Faida yake ni kwamba wote walijibu swali moja. Ukimwambia huyu hivi na yule vile, utarudi na bei tano zisizolingana, kama mtu anayelinganisha debe la mawese na kidumu.

Mmoja wa wajumbe alikuwa hana uzoefu wa ofisi, alisoma darasa la saba tu kama wengi wetu. Yeye ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, maana neno lolote asilolielewa alikuwa anasema, "Mwanangu, hebu niambie kwa Kiswahili cha nyumbani." Tunawashauri muige mfano huo.

Bima ndogo, bima kubwa, na bei ya chini

Wote mnajua kuna bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo ndiyo ya lazima kisheria. Hiyo humlipa mtu mwingine uliyemgonga au mali yake uliyoiharibu. Gari lako mwenyewe haliangalii. Bima kubwa inaongeza gari lako: ajali, moto, wizi. Aliyenunua gari kwa mkopo wa benki kwa kawaida huambiwa akate bima kubwa. Lakini hata hapo, uliza kama unaweza kuleta bima ya kampuni nyingine mbali na ile wanayoiuza wao. Sisi tuliuliza, tukajibiwa inawezekana, ilimradi jina la benki liandikwe kwenye hati.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. TIRA huweka kiwango cha chini cha ada ambacho kampuni hairuhusiwi kushuka. Tuchukue gari dogo la matumizi binafsi kwa viwango vya mwaka 2023. Bima ndogo ilikuwa Sh. 100,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh. 118,000. Bima kubwa ilianzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la Sh. 10,000,000 ada yake ni Sh. 350,000, VAT ni Sh. 63,000, jumla Sh. 413,000. Magari ya biashara yana viwango vyake, kufuatana na kazi, uzito na viti.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mtu akikujia kijiweni akasema bima ndogo ya gari lako binafsi atakupa kwa Sh. 60,000 kwa sababu anakupenda, huyo hakuuzii bima. Anakuuzia karatasi yenye rangi. Rahisi kama hiyo ni ghali, maana siku ya ajali utailipa mara ya pili na mara ya tatu. Stika siku hizi inahakikiwa kwa simu kwenye mfumo wa TIRA: unaingiza namba ya gari au ya stika, unaona kampuni, aina ya bima na tarehe. Kama haimo, usiondoke hapo.

Kama bei ina sakafu, basi tofauti ziko wapi? Ziko ndani. Sisi tulizikuta nne.

La kwanza ni sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Mawakala wanaiita ekses. Tuseme kampuni moja ada yake ni pungufu kwa Sh. 60,000, lakini kila ajali unabeba mwenyewe Sh. 500,000 za mwanzo. Ya pili ni ghali kidogo, lakini unabeba Sh. 200,000. Gari likiharibika kwa Sh. 700,000, ya kwanza itakulipa Sh. 200,000 na ya pili Sh. 500,000. Uliokoa elfu sitini, ukapoteza laki tatu. Kwa gari la mtumba linalopita barabara za udongo, ajali nyingi ni hizo ndogo ndogo.

La pili ni thamani ya gari. Wapo wanaoshusha thamani ili ada ishuke. Lakini mikataba mingine ina kifungu cha uwiano. Gari la milioni 10 ukiliandikisha milioni 6, hasara ya milioni 2 utalipwa Sh. 1,200,000, maana ulichangia sehemu sita katika kumi. Na wapo wanaopandisha wakidhani watalipwa zaidi. Kampuni hailipi zaidi ya thamani ya soko ya siku ile. Hapo umechangia hewa. Sisi tulimwita fundi na mfanyabiashara wa magari, tukaandika thamani ya kweli.

La tatu ni kazi ya gari. Wakala mmoja alituambia, "Mama, tuandike matumizi binafsi, itashuka sana." Ilishuka kweli. Lakini gari lililoandikwa binafsi likikutwa na magunia ya dagaa ya watu waliolipa nauli, kampuni ina sababu ya kukataa kulilipia. Tulimshukuru, tukaondoka.

La nne ni mahali madai yanaposhughulikiwa, na hili mmelisikia. Tuliuliza kila kampuni: nani atakuja kulikagua gari hapa Kigoma, baada ya siku ngapi, na gereji zipi mnazikubali? Mbili zilijibu kwa majina na siku. Nyingine zilisema "msiwe na wasiwasi". Jibu la msiwe na wasiwasi si jibu.

Mama mwenye mzigo

Akina mama, sasa tumefika kwenye swali lililotuumiza vichwa kuliko yote. Kwenye gari letu, mbele pamoja na dereva, mara nyingi hukaa mwenzetu mmoja au wawili wanaosindikiza mzigo wao. Tukauliza: hao wamo?

Kampuni yenye bei ya chini kuliko zote ilijibu wazi kwamba hawamo. Ya pili ikasema watakuwemo wakiandikwa, kwa nyongeza ya ada kwa kila mtu. Ya tatu ikasema wamo, lakini tulipoomba tuonyeshwe palipoandikwa, ikaanza kuzungukazunguka.

Hapo kamati iligawanyika, na hatuoni haya kuwaambia. Wengine walisema tuchukue ya bei ya chini, maana tofauti kati yake na ile ya pili ilitosha kununua matairi mawili, na matairi yetu wote mliyaona yalivyokuwa. Wengine wakasema tairi likipasuka tunanunua jingine, je, mama wa watoto watano? Tuliwarudishia swali ninyi wenyewe katika mkutano, na mkapiga kura. Mlichagua ile ya pili, yenye nyongeza. Matairi tulisubiri miezi mitatu. Leo katika miaka kumi ya kikundi, sisi kamati tunaona kura ile ilikuwa moja ya kura nzuri mlizopiga.

Pamoja na hayo tuliwekeana sharti, na tunalirudia mbele ya Mgeni Rasmi: hakuna mtu kupanda juu ya mzigo. Si mwanachama, si mtoto wa mwanachama, hata kama mvua inanyesha na gari jingine halipo. Anayepanda juu ya magunia hamo kwenye bima yetu, na hata angekuwemo, pesa hairudishi mtu.

Mambo mengine mawili tuliyoyakuta. Kwanza, bima kubwa ya gari inalinda gari, hailindi dagaa waliomo. Mzigo una bima yake mbali. Vivyo hivyo mzigo unaopakiwa kwenye maboti ziwani, bima ya gari hauihusu kabisa. Kwa sasa hasara ya mzigo tunaibeba kwa mfuko wetu, na tumependekeza mkutano ujao ulizungumze hilo.

Pili, kwa wale wanaopita Manyovu kwenda Burundi. Bima ya kawaida ya hapa haivuki mpaka. Inatakiwa kadi ya njano ya COMESA, inayolinda watu wengine utakaowadhuru katika nchi zilizo kwenye mpango huo, zikiwemo Burundi na Kongo. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango huu wa kadi. Inalipiwa zaidi, na iombwe kabla ya safari, si ukiwa umeshafika kwenye kizuizi.

Kulipa na kudai

Ada tulilipa kwenye akaunti ya kampuni, siyo mkononi mwa mtu, na risiti iko kwenye faili la mweka hazina. Kumbukeni utaratibu ni kwamba bima haianzi mpaka ada imelipwa; ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi hailindi gari. Siku hiyo hiyo tulihakiki stika kwa simu mbele ya wakala, naye hakukasirika. Wakala wa kweli hakasiriki.

Tuliuliza pia habari ya punguzo kwa mwenye kumaliza mwaka bila kudai. Tukishapewa jibu, tuliomba liandikwe. Mwaka uliofuata tulirudi na karatasi ile ile kwa makampuni yale yale, pamoja na ile tuliyokuwa nayo. Ikaongeza uhodari kidogo ilipojua kwamba tunauliza na kwingine.

Na ikitokea kampuni inakuzungusha, usikae kulalamika kwenye kibaraza. Andika barua kwa kampuni, tunza nakala. Ikishindikana, nenda TIRA. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na sheria ile ya mwaka 2009, kwa ajili ya mwananchi ambaye hana uwezo wa kushindana mahakamani.

Maombi yetu

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu wanachama, siku hizi wengi wenu mna pikipiki za watoto, bajaji za waume, na wengine mna magari madogo. Tunaomba kila mmoja ayatumie maswali haya nyumbani kwake. Tumeyabandika kwenye jalada la daftari la kikundi: Nabeba kiasi gani mwenyewe? Thamani imeandikwa kweli? Kazi ya gari imeandikwa kweli? Waliomo ndani wamo kwenye bima? Nani atakuja kukagua hapa Kigoma? Stika imo kwenye mfumo? Bei iwe swali la saba.

Hatusemi mnunue bima ya ghali. Tumetoka kwenye umaskini kwa kubana shilingi, na tutaendelea kuibana. Tunasema shilingi ibanwe pale panapobanika, na mama asiachwe nje ya karatasi kwa ajili ya bei ya tairi.

Tunawashukuru kwa kutuamini na gari hili. Tunamshukuru dereva wetu kwa uangalifu, na fundi wetu wa gereji kwa kutukopesha alipoweza. Kikundi kidumu, na safari za Kibirizi ziwe salama.